Balbu Mahali pa Fyuzi: Mafundi wa Umeme wa Magari Makadara

Fundi wa umeme wa magari katika mitaa ya Makadara, Nairobi, hana haja kubwa ya karakana. Vifaa vyake huenea kwenye mfuko mmoja: koleo, bisibisi, tepu, vipande vya waya, fyuzi za akiba, mita ndogo ya namba na balbu iliyofungwa nyaya mbili. Mwenye gari humwita, naye hufika gari lilipo, iwe kando ya ua wa Jericho, mbele ya nyumba za Maringo au kwenye kichochoro cha Mbotela, akaanza kutafuta hitilafu papo hapo. Sababu ya kwanza ya utaratibu huu ni wazi, kwa kuwa gari lenye hitilafu ya umeme mara nyingi haliwaki, na kulivuta ni gharama. Sababu ya pili ni ya kihistoria, nayo ilianza kabla wakazi wengi wa mitaa hiyo hawajamiliki gari lolote.

Makadara imekaa kati ya reli na viwanda. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na karakana zake zikawa shule ya chuma na moto kwa vizazi kadhaa vya wafanyakazi. Mtaa wa Makongeni ulikuwa wa watu wa reli. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na mwongo uliofuata baraza la jiji likaongeza mitaa mingine mashariki, kandokando ya barabara iliyoitwa Doonholm ambayo baada ya uhuru ikawa Jogoo Road. Baadhi ya mitaa hiyo ilipewa majina ya viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni: Mbotela kwa heshima ya Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na mitaa ya Ofafa, ikiwemo Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, kwa heshima ya diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Kusini, ng'ambo ya reli, Eneo la Viwanda lilizidi kupanuka.

Waliochora ramani za nyumba hizo walimfikiria mkazi kuwa mtu wa mshahara mdogo, mwenye kutembea kwa miguu, kupanda baiskeli au kungoja basi. Hakuna aliyetenga nafasi ya gari. Magari yalipoanza kuingia, yalisimama mahali pale pale watoto walipochezea na nguo zilipoanikwa, na matengenezo yakafanyika hapo. Sheria ndogo za jiji zilikataza kutengenezea magari barabarani, lakini ua ulio kati ya safu mbili za nyumba si barabara, na askari wa jiji hawakuuzoea.

Waliotengeneza magari ya kwanza hawakujifunzia uani. Wengine walitoka jeshini, kwa maana Vita vya Pili vya Dunia viliwaingiza maelfu ya Waafrika katika udereva na ufundi wa magari, na wakarudi na ujuzi ambao serikali ya kikoloni haikuwa na mpango nao. Wengine walipitia kituo cha mafunzo ya ufundi kilichofunguliwa Kabete mwaka 1924. Walio wengi, hata hivyo, walijifunza kwa Wahindi. Gereji za Nairobi zilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kiasia, wengi wao Kalasinga, na kijana wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, aliingia humo kama mfagizi au mshika spana. Kenneth King, aliyechunguza mafundi wa Kenya na kuchapisha kitabu kuwahusu mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi ulivyovuka kutoka karakana za Waasia hadi kwa Waafrika walioanza kujitegemea, bila cheti wala darasa.

Katika uvukaji huo, umeme ulichelewa. Kijana mwenye macho anaweza kujifunza kufungua gia boksi kwa kumtazama mkuu wake mara kadhaa, kwa kuwa kila kipande kinaonekana kinapotoka na kinaporudi. Mkondo wa umeme hauonekani. Mshika spana alimwona bwana wake akigusa hapa, akigusa pale, kisha akikata waya mmoja kati ya ishirini na kusema kazi imekwisha. Aliona mkono, hakuona hoja. Ndiyo maana mtaani makanika walikuwa wengi na fundi wa waya mmoja mmoja, na ndiyo maana fundi huyo aliheshimiwa kuliko ukubwa wa mfuko wake.

Magari aliyokutana nayo fundi wa miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa hasa ya Uingereza: Morris Minor, Austin, Ford Anglia, Land Rover. Sehemu kubwa ya vifaa vyake vya umeme ilitengenezwa na kampuni ya Lucas. Mfumo wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kuwekwa kichwani. Betri ilitoa volti 12, dinamo ikaichaji, na kisanduku kidogo kwenye ukuta wa injini kikadhibiti uchaji huo. Rangi za nyaya zilifuata kanuni moja. Waya wa kahawia ulitoka moja kwa moja kwenye betri, mweupe ulipata umeme ufunguo ukizungushwa, wa kijani ulikuwa ule mweupe baada ya kupita kwenye fyuzi, wa buluu ulikwenda taa kubwa, mwekundu ukaenda taa ndogo, na mweusi ukarudi kwenye bodi. Aliyezishika rangi hizi aliweza kusoma gari la Kiingereza gizani kwa tochi.

Mambo mawili katika magari hayo yaliwatesa mafundi. Kwanza, mengi yaliunganishwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo, na yaliendelea hivyo hadi Waingereza walipobadili katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Redio ya transista iliyotengenezwa kwa bodi hasi, ikifungwa bila kuuliza kwenye gari la bodi chanya, iliungua. Pili, fyuzi zilikuwa chache mno. Morris Minor ilikuwa nazo mbili, na nyaya za taa kubwa hazikupita kwenye yoyote kati yake. Waya wa taa ukichubuka na kugusa bodi, kilichoyeyuka ni waya wenyewe, pamoja na majirani zake ndani ya mfungo. Fundi wa wakati huo hakungojea fyuzi imwonyeshe njia. Ilimbidi awe na namna yake ya kuuliza.

Namna hiyo ilikuwa balbu. Ilitolewa kwenye taa ya breki au ya indiketa, ikaunganishwa nyaya mbili, mmoja ukawa na klipu na mwingine ukaishia kwenye kitu chenye ncha, kama msumari ulionolewa au kipande cha spoki ya baiskeli. Klipu ikishika bodi, ncha iliguswa kwenye waya unaoshukiwa. Balbu ikiwaka, umeme umefika hapo. Utaratibu wenyewe ni wa kugawanya. Taa ya nyuma isipowaka, fundi hupima katikati ya njia, tuseme kwenye kiungio kilicho chini ya kiti. Umeme ukiwepo hapo, nusu ya mbele imeondolewa mashakani na hitilafu iko nyuma. Usipokuwepo, ni kinyume chake. Nusu iliyobaki hugawanywa tena, na kwa hatua tatu au nne mita tano za waya hupungua hadi upana wa kiganja. Aliyeanza kwa kubandua tepu kutoka mwanzo wa waya alikesha.

Balbu hiyo hiyo hugeuzwa. Klipu ikihamishiwa upande wa moto wa betri, ncha hupima njia ya kurudi. Inapoguswa kwenye chuma cha bodi karibu na taa, inapaswa kuwaka kwa nguvu zote. Ikififia, kutu au rangi imeingia kati ya chuma na waya wa bodi. Hitilafu ya namna hii ndiyo iliyowapotezea wanafunzi muda mwingi zaidi, kwa sababu umeme usiopata njia nyoofu ya kurudi hutafuta nyingine. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka. Ukiwasha taa, mshale wa mafuta unapanda. Mwenye gari huapa kwamba gari limelogwa, ilhali skrubu moja nyuma ya taa imelegea.

Mbinu iliyo bora kuliko zote, na ambayo vitabu vingi vya shule havijaipa nafasi yake, ni ya kuweka balbu mahali pa fyuzi. Fyuzi inayoungua kila inapobadilishwa ina maana kwamba waya wa moto umegusa bodi mahali fulani, yaani umepiga shoti. Kubadilisha fyuzi ya tano ili kuona itakuwaje ni kupoteza pesa. Kuikunjia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama walivyofanya madereva wengi, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi chini ya dashibodi. Fundi hutoa fyuzi na kuunganisha balbu ya taa kubwa kwenye sehemu zake mbili. Balbu ya wati 55 haipitishi zaidi ya ampea 5 hivi, kwa hiyo hakuna waya utakaoyeyuka. Shoti ikiwepo, balbu huwaka kikamilifu. Hapo fundi hutembea kwenye gari akichomoa viungio kimoja kimoja na kutikisa mifungo ya nyaya, jicho likiwa kwenye balbu. Inapozimika au kufifia ghafla, mkono uko juu ya hitilafu. Kazi hii inaweza kufanywa na mtu mmoja, uani, bila kifaa chochote cha kununua, na kanuni yake ni ile aliyoieleza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827.

Si kila kilichorithiwa enzi ya dinamo kilikuwa chema. Ili kujua kama dinamo inachaji, mafundi walizoea kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inanguruma: ikizimika, dinamo imekufa, ikiendelea, ni nzima. Kwa dinamo madhara yalikuwa madogo. Magari yalipohamia altaneta kati ya miaka ya 1960 na 1970, desturi ilibaki ingawa chombo kilikuwa kimebadilika. Altaneta inayochaji kwa nguvu, ikinyang'anywa betri ghafla, hurusha volti nyingi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kiasi hicho chatosha kuua dayodi zake na, katika magari ya baadaye, kompyuta ya injini. Hadi leo wapo Nairobi wanaochomoa teminali mbele ya mteja kwa madaha. Jibu hilo hilo hupatikana kwa mita bila hatari: betri iliyotulia na kujaa husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwa inanguruma husoma kati ya 13.8 na 14.5.

Miaka ya mwisho ya 1960 ilibadilisha wenye kazi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana Waasia wasio raia, na mwaka uliofuata wengi wakakimbilia Uingereza kabla milango haijafungwa. Gereji zilizoachwa zilipata wenyewe wapya, na waliokuwa washika spana wakafungua zao. Biashara ya spea ilishika mizizi kwenye barabara ya Grogan, ambayo sasa ni Kirinyaga Road. Wakati huo huo magari ya Kiingereza yalianza kupungukiwa na umaarufu mbele ya Peugeot 404 na baadaye 504, Volkswagen na Datsun. Kila moja lilikuja na rangi zake za nyaya. Volkswagen za zamani zilitumia volti 6, na balbu ya kupimia ya volti 12 iliwaka hafifu humo hata palipokuwa hapana kasoro.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa mabasi. Jogoo Road ikawa mojawapo ya njia zake zenye pilikapilika, na fundi wa waya akapata mteja asiyeweza kungoja. Gari la kibinafsi lisilo na taa hulala. Matatu isiyo na taa hupoteza nauli za jioni nzima. Kazi ilianza kufanywa usiku, gari likiwa limerudi kutoka njiani, na kuisha kabla ya alfajiri. Matatu ilileta pia aina yake ya hitilafu: nyaya zilizochoshwa na mtetemo, taa za ndani na kengele zilizoongezwa na kila mwenye gari mpya, na betri iliyotarajiwa kuwasha injini mara nyingi kwa siku.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1972 ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyowafanya wataalamu wa uchumi wautazame upya ufundi wa kando ya barabara na kuukubali kuwa kazi halisi. Serikali ilichukua muda zaidi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji na kuahidi vibanda; mwaka 1992 Bunge likapata waraka wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali. Vibanda viliwafaa wafua mabati na wanyoosha bodi, watu wa kelele na wa vitu vizito. Fundi wa waya hakuvihitaji sana. Kazi yake haina mlio, haimwagi mafuta na haihitaji shimo la kushukia chini ya gari, hivyo majirani waliivumilia uani hata walipomfukuza mpiga rangi. Alichohitaji ni karatasi. Mitihani ya serikali ya ufundi, ya daraja la tatu hadi la kwanza, ilikuwa na somo la umeme wa magari, na aliyejifunza mtaani aliweza kuifanya. Tangu 2011 jukumu la mitihani hiyo liko chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ambayo makao yake yako Eneo la Viwanda, mwendo mfupi kutoka Makadara.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka Japani. Uchumi ulipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika yalianza kuingia kwa wingi kupitia Mombasa, na kanuni ya ubora iitwayo KS 1515 ya mwaka 2000 ikaweka kikomo cha miaka 8 tangu gari lisajiliwe mara ya kwanza. Toyota ikatawala. Kwa fundi aliyelelewa na rangi za Lucas, Toyota ilikuwa mtego. Katika gari la Kiingereza mweupe ni waya wa moto; katika Toyota, mweupe wenye mstari mweusi ndio wa kurudi kwenye bodi. Aliyeufuata kwa kumbukumbu ya zamani alipoteza nusu siku au kuchoma kitu. Kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kiliandikwa Kijapani, na mafundi wakajifunza fyuzi kwa mahali pake na ukubwa wake: hii ya pembeni ni ya honi, ile ya juu ni ya kompyuta. Orodha hizo zilihifadhiwa vichwani na kupitishwa kwa mdomo, jambo lililowezekana kwa sababu mitaa ilijaa magari ya aina chache zile zile.

Kompyuta ya injini ndiyo iliyowatisha wengi. Kwa bahati, wahandisi wa Toyota walikuwa wameacha mlango wazi. Chini ya boneti mlikuwa na kisanduku kidogo cheusi chenye matundu yaliyoandikwa herufi, na ukiunganisha lile la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukawasha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi hujibu kwa kumweka. Mimweko miwili, kituo, kisha mmoja ni 21, ambayo ni sensa ya oksijeni. Mimweko ya haraka isiyokatika ni ishara kwamba hakuna hitilafu iliyorekodiwa. Hapakuwa na mashine ya kununua, ila kibanio cha karatasi na orodha ya namba iliyonakiliwa daftarini. Katika magari yaliyofuata, yenye tundu la pini 16 chini ya usukani, pini ya 4 na ya 13 zilifanya kazi hiyo hiyo kwenye Toyota nyingi.

Ila kompyuta ilileta katazo. Balbu ya wati 21 hupitisha karibu ampea mbili, na waya wa sensa haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Kuuchoma kwa ncha ya balbu kunaweza kuua kompyuta, na kwenye nyaya za mifuko ya hewa, zinazotambulikana kwa viungio vya njano, kunaweza kulipua mfuko usoni mwa fundi. Walio waangalifu waligawa gari sehemu mbili: taa, honi, wipa, feni na stata zikabaki za balbu, sensa na kompyuta zikawa za mita, au za taa ndogo ya LED yenye kinzani.

Hata hivyo, hitilafu nyingi za magari ya Eastlands tangu miaka ya 1990 hazikutoka Japani. Ziliongezwa Nairobi. Wizi wa magari kwa mtutu wa bunduki ulipozidi, wenye magari walitaka swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, iliyofichwa chini ya zulia au nyuma ya redio. Kila fundi aliificha kwa namna yake na hakuchora popote. Miaka 10 baadaye gari lile, likiwa na mwenyewe wa tatu, huzimika Jogoo Road kwa sababu swichi ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka imeshika kutu. Juu yake kulikuja king'ora cha wizi. Kisha kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizohusishwa na Waziri John Michuki, zikaagiza matatu zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na nyaya zake zikaunganishwa na za injini. Wapo mafundi waliovifunga kihalali, na wapo walioitwa kuvizima. Matatu za mashariki mwa jiji ziliongeza spika kubwa, skrini na taa za rangi. Magari ya mkopo yakafungwa vifaa vya kufuatilia mahali yalipo. Fundi anayefungua dashibodi leo anasoma tabaka za hofu, sheria na mitindo, na swali lake la kwanza kwa mwenye gari ni nani aliyeligusa mara ya mwisho na alifunga nini.

Vitu hivyo vya ziada ndivyo pia chanzo cha malalamiko ya kawaida mno, betri inayokufa usiku. Gari la kisasa lililolala linapaswa kunyonya chini ya miliampea 50 hivi. Kifaa kilichofungwa vibaya kikinyonya nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 itakwisha baada ya saa 90, yaani siku chache tu gari likisimama, na mapema zaidi ikiwa imezeeka. Kupima kwake nyumbani hakuhitaji utaalamu mkubwa ila subira. Mita huwekwa kwenye upande wa ampea na kuunganishwa kati ya teminali hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa, kisha mpimaji husubiri nusu saa kompyuta zilale. Halafu fyuzi huchomolewa moja moja hadi namba ishuke. Wasio na subira hukosea hapa: hupima gari likiwa bado macho, wakaona ampea mbili, na kulaumu kitu kisicho na hatia. Kosa jingine ni kujaribu kuwasha injini mita ikiwa bado imeunganishwa hivyo, kwani stata huvuta zaidi ya ampea 100 na mita ndogo haina uwezo wa zaidi ya 10.

Mita za namba za bei nafuu, kama ile ya njano au nyeusi ijulikanayo kama DT-830, zilienea zilipoanza kuuzwa kila mahali, na kijana aliyemaliza fizikia ya shule ya upili aliweza kuzitumia tangu siku ya kwanza. Wengine waliitupa balbu. Huo ulikuwa uamuzi wa haraka. Mita karibu haivuti mkondo wowote, kwa hiyo waya uliokatika nyuzi zote isipokuwa moja bado utaionyesha volti 12 kamili. Fundi atasema umeme upo, na taa itabaki imezima. Balbu hudai mzigo, na waya huo mbovu utashindwa kuubeba. Anayetaka kutumia mita peke yake hana budi kupima huku mzigo ukiwa umewashwa, ncha moja kwenye betri na nyingine mwisho wa waya, na kusoma volti zinazopotea njiani. Kwenye njia nzito ya stata, kupotea kwa zaidi ya nusu volti kwa upande mmoja ni dalili ya teminali chafu au waya uliooza ndani ya ganda lake.

Kifaa cha hivi karibuni ni kisomaji kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 na kuzungumza na simu. Marekani ililazimisha tundu hilo na lugha yake kwa magari mapya tangu 1996, na mengine duniani yakafuata kwa nyakati tofauti. Nakala za bei ya chini za kisomaji aina ya ELM327 zimefanya kila mwenye simu awe na namba za hitilafu. Zimefanya pia watu wengi wanunue spea wasizohitaji. Namba P0340, kwa mfano, inahusu saketi ya sensa ya kamshafti, na neno muhimu hapo ni saketi. Inaweza kuwa sensa, waya wake, kiungio chake au bodi yake. Mwenye gari huenda Kirinyaga Road na kurudi na sensa, namba inarudi kesho yake, na hapo ndipo fundi wa waya anapoitwa kufanya alichopaswa kuombwa mwanzoni: kupima kama volti zinafika kwenye kiungio na kama njia ya kurudi ni nzima.

Mipaka mipya imewekwa na magari ya mseto, kama Toyota Prius na Aqua, ambayo yamezoeleka Nairobi tangu miaka ya 2010. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 100, na kwenye betri ya Prius za miaka mingi ni 201.6. Hizo si za balbu wala si za uani. Mwenye kuzigusa anahitaji glavu za mpira zilizopimwa na mafunzo ya kuondoa plagi ya usalama na kusubiri umeme uliobaki upungue. Lakini gari la mseto lina pia betri ndogo ya volti 12, kwa kawaida nyuma au chini ya kiti, ambayo huziamsha kompyuta kabla ile kubwa haijaunganishwa. Ikiisha, gari zima hukataa kuwaka hata kama betri kubwa imejaa. Hitilafu hiyo hupimwa kwa mita ile ile, ikitazamwa iwapo volti zimeshuka chini ya 12, na chanzo chake, mara nyingi, ni king'ora au kifaa cha kufuatilia kilichounganishwa mahali pasipofaa.